Kura milioni 132, watazamaji milioni 21: American Idol ilivyopoteza watu wake

Usiku wa Mei 23, 2012, katika ukumbi wa Nokia Theatre jijini Los Angeles, kijana wa miaka 21 kutoka Leesburg, Georgia, alitangazwa mshindi wa msimu wa 11 wa American Idol, shindano la kuimba la televisheni ya Marekani ambalo mshindi wake huchaguliwa kwa kura za watazamaji. Jina lake Phillip Phillips. Aliyeshindwa, Jessica Sanchez, alikuwa binti wa miaka 16 mwenye sauti kubwa kuliko umri wake. Phillips akaanza kuimba wimbo wa ushindi, machozi yakamkaba katikati, akalivua gitaa, akashuka jukwaani kwenda kuikumbatia familia yake. Bendi ikabaki inapiga bila mwimbaji.

Usiku huohuo ilitangazwa kwamba kura zilizopigwa zilikuwa milioni 132, rekodi mpya. Ambacho hakikutangazwa jukwaani ni kwamba waliotazama walikuwa kama milioni 21 na nusu, wachache kuliko fainali yoyote tangu shindano lianze. Rekodi mbili kwa mpigo: kura hazijawahi kuwa nyingi hivyo, na watu hawajawahi kuwa wachache hivyo. Ukigawa, kila mtazamaji alipiga kura sita, ukimhesabu na mtoto aliyesinzia kwenye kochi na babu aliyekuwa akisubiri taarifa ya habari.

Ukiwauliza watu American Idol iliangukaje, wengi watakupa mojawapo ya majibu matatu: jaji wake maarufu Simon Cowell aliondoka, shindano pinzani la The Voice likaja, au YouTube ikachukua nafasi. Yote yana ukweli wake na nitayarudia. Lakini nionavyo mimi, ugonjwa ulianzia ndani, kwenye kitu kilekile ambacho shindano lilijivunia kuliko vyote, yaani kura ya mtazamaji.

Ahadi ya mwaka 2002

Shindano lilianza Juni 2002 kwenye kituo cha Fox. Wazo lilikuwa la Mwingereza Simon Fuller, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ameanzisha Pop Idol nchini kwao. Marekani ilikuwa na mashindano ya kuimba tangu enzi za redio, kwa hiyo kuimba mbele ya majaji hakukuwa kugeni. Ugeni ulikuwa kwamba kampuni za muziki, zilizozoea kuchagua nyota nyuma ya milango iliyofungwa, sasa zilisema: chagueni nyinyi, sisi tutamrekodi mtakayemchagua.

Ahadi hiyo ilitimia upesi ajabu. Septemba 2002 alishinda Kelly Clarkson, msichana wa Texas aliyekuwa akihudumia vinywaji baa ili apate riziki. Wimbo wake wa ushindi uliruka kutoka nafasi ya 52 hadi ya 1 kwenye chati kuu ya nyimbo za Marekani, ile ya Billboard. Mwaka uliofuata fainali kati ya Ruben Studdard na Clay Aiken ilitazamwa na watu milioni 38. Kura zilikuwa milioni 24, na tofauti kati yao ilikuwa kura 134,000 tu. Aiken alishindwa, lakini albamu yake ya kwanza iliuza nakala 613,000 ndani ya wiki moja. Ya Studdard ilipotoka miezi miwili baadaye iliuza zaidi ya 400,000 katika wiki yake ya kwanza. Huyo ni mshindi na aliyeshindwa, wote wawili wana soko.

Si kwamba wapiga kura wa miaka ile walikuwa na busara kuliko waliofuata. Mwaka 2004 walimtoa Jennifer Hudson akiwa nafasi ya saba. Februari 2007 Hudson alikuwa ameshika Oscar mkononi. Mwaka 2006 walimtoa Chris Daughtry akiwa wa nne, na bendi yake ikaja kuuza albamu kwa mamilioni. Ila watazamaji walikuwa wengi mno kiasi kwamba hata aliyetolewa kimakosa aliondoka akiwa anajulikana nchi nzima. Kura ikimkosea, soko linamchukua. Na mara kwa mara vyote viwili vilikubaliana: Carrie Underwood alishinda mwaka 2005, na albamu yake ya kwanza ikauza zaidi ya nakala milioni 7 nchini Marekani.

Tugawe kidogo

Chukua kura za fainali, zigawe kwa idadi ya watazamaji, uone kinachotokea mwaka hadi mwaka.

Mwaka 2003, kura milioni 24 kwa watazamaji milioni 38, chini ya kura moja kwa kila mtu. (Hapa niwe mkweli: laini za simu zilikwama usiku ule na wengi hawakupenya, kwa hiyo waliotaka kupiga walikuwa wengi zaidi.) Mwaka 2006, Taylor Hicks aliposhinda, kura milioni 63 kwa watazamaji milioni 36. Mtangazaji wa shindano, Ryan Seacrest, alijigamba kwamba hakuna rais wa Marekani aliyewahi kupata kura nyingi kiasi hicho, na majigambo hayo yalinukuliwa sana, mara nyingi bila kuuliza ni watu wangapi waliozipiga. Mwaka 2008, kura zaidi ya milioni 97 kwa watazamaji wasiofika milioni 32: tatu kila mmoja. Mwaka 2011, milioni 122 kwa milioni 29: nne. Kisha mwaka 2012, ile sita.

Watu wanapungua, kura zinaongezeka. Inawezekanaje?

Kwa sababu kilichohesabiwa hakikuwa watu. Kilichohesabiwa kilikuwa simu. Namba za kupigia zilikuwa za bure, laini zilifunguliwa kwa saa mbili au zaidi baada ya kipindi, na hakukuwa na kikomo cha mara ngapi unapiga. Wateja wa mtandao wa AT&T waliweza pia kutuma ujumbe mfupi, nao bila kikomo. Mwaka 2011 ikaongezwa kura ya intaneti, na kila akaunti ikapewa kura 50. Msichana mwenye simu mbili, kompyuta na usiku mzima mbele yake aliweza kuizidi kura ya mtaa wote.

Sasa mfikirie mtazamaji wa kawaida. Ametoka kazini, amekula, anatazama na watoto. Binti anaimba vizuri, naye anasema "huyu ni hatari", kipindi kinakwisha, anazima televisheni kwa kuwa kesho kuna kudamka. Huyu ndiye atakayenunua CD mwezi Novemba. Lakini kwenye hesabu ya usiku ule yeye hayupo, au kama yupo, yupo mara moja. Aliyepo mara mia tatu ni shabiki wa kufa na kupona, ambaye anapenda sauti, lakini pia anapenda nywele, tabasamu na mji wa nyumbani wa mshiriki.

Mwaka 2009 jambo hili lilijianika lenyewe. Kris Allen wa Arkansas alimshinda Adam Lambert, mwimbaji ambaye karibu kila mchambuzi alishampa taji. Siku chache baadaye ikajulikana kwamba wafanyakazi wa AT&T walihudhuria hafla za kumtazama Allen huko Arkansas, wakaazimisha watu simu na kuwaonyesha namna ya kutuma jumbe nyingi kwa mkupuo. Waandaaji walisema matokeo hayakuathirika, na huenda ni kweli. Ila tukio zima linakwambia mchezo ulikuwa umefikia wapi. Wakati huo tovuti moja ya wachokozi ilikuwa imekwisha kutumia miaka kadhaa kuhamasisha watu wampigie kura mshiriki dhaifu kuliko wote, kwa kujifurahisha tu.

Vijana watano wenye gitaa

Kuanzia 2008 hadi 2012 walishinda David Cook, Kris Allen, Lee DeWyze, Scotty McCreery na Phillip Phillips. Vijana watano wa Kizungu mfululizo, wapole, wazuri wa sura, karibu wote wakisimama na gitaa. Wamarekani wakaanza kufanya utani kwamba ukitaka kujua mshindi, angalia nani kabeba gitaa. Sina ugomvi na yeyote kati yao, na McCreery ana sauti ya besi ambayo mtu haisahau. Tatizo ni kwamba mara nyingi upande wa pili alisimama mtu wa aina nyingine kabisa (Lambert na mbwembwe zake, Crystal Bowersox na rasta zake, Sanchez na ile sauti yake kubwa) na kila mwaka jibu likawa lilelile.

Baadhi yao waliuza. Albamu ya McCreery ilianzia namba moja, kwa kuwa muziki wa kantri una hadhira yake inayonunua. Wimbo wa ushindi wa Phillips ulitumika katika matangazo ya Olimpiki ya London ya 2012 ukauza zaidi ya nakala milioni 5. Hilo linaipinga hoja yangu na sitalificha. Lakini angalia wengine. Albamu ya DeWyze iliuza 39,000 katika wiki ya kwanza mwaka 2010. Linganisha na ile 613,000 ya Aiken, ambaye hata hakushinda. Ndiyo, mauzo ya CD yalikuwa yameporomoka dunia nzima, hata hivyo si kwa kiasi hicho.

Hapo ndipo mzunguko unapojifunga. Mshindi asipokuwa nyota, mtazamaji wa kawaida anakosa sababu ya kurudi mwakani, maana alichoahidiwa ni kushiriki kumzaa nyota. Anapoondoka, waliobaki ni wale mashabiki wa kufa na kupona, ambao sasa kura zao zina uzito zaidi. Wanachagua mtu wanayempenda wao, ambaye walioondoka hawamjui. Ni kama mkutano wa kijiji ambao wenye shughuli zao wameshaondoka, na kila azimio linapitishwa na wale wale waliozoea kukaa hadi jioni.

Mwaka 2013 hatimaye alishinda Candice Glover, mwanamke mweusi wa South Carolina, mmoja wa waimbaji bora waliowahi kupita pale. Kama kuna mwaka wapiga kura walipatia, ni huo. Lakini albamu yake ilicheleweshwa hadi Februari 2014 na ikauza nakala 19,000 wiki ya kwanza. Mshindi wa 2014, Caleb Johnson, aliuza 11,000. Watu wa kuupokea uamuzi mzuri hawakuwepo tena. Watazamaji wa fainali walikuwa wanashuka hivi: milioni 29 mwaka 2011, kisha 21, kisha 14, kisha 10, na mwaka 2015 milioni 8.

Washukiwa wengine

Simon Cowell aliondoka 2010, na wengi huweka mwanzo wa maporomoko hapo. Namba hazikubali. Fainali ya mwaka uliofuata, bila yeye, ikiwa na Jennifer Lopez na Steven Tyler kwenye viti vya majaji, ilipata watazamaji milioni 5 zaidi ya ile ya mwisho wake. Pengo la Cowell lipo, ila si ugonjwa.

Msongamano ni mshukiwa mzito zaidi. Aprili 2011 kituo cha NBC kilianzisha The Voice, muundo wa John de Mol kutoka Uholanzi, majaji wakiwa wamegeuzia waimbaji migongo, na jaji anayevutiwa na sauti anakigeuza kiti chake. Septemba mwaka huohuo Fox wenyewe, wenye American Idol, wakaleta The X Factor, shindano jingine la kuimba, la Cowell, na zawadi ya mkataba wa dola milioni 5. Mtu aliyekuwa akisubiri Januari ifike ili asikie watu wakiimba sasa alikuwa anaimbiwa karibu mwaka mzima. The X Factor ya Marekani ilikufa baada ya misimu mitatu, lakini hasara ilishaingia: msimu wa 2011/12 American Idol ilipoteza nafasi ya kipindi kinachotazamwa zaidi Marekani, iliyoishikilia kwa miaka minane mfululizo, ikazidiwa na mechi za Jumapili za mpira wa Kimarekani.

Kisha pesa ikahamia kwenye viti vya majaji. Kwa msimu wa 2013 walimleta Mariah Carey, kwa malipo yaliyoripotiwa kuwa dola milioni 18, na Nicki Minaj. Oktoba 2012, wakati wa usaili mjini Charlotte, wawili hao walirushiana maneno, na video ya ugomvi ikavuja kabla msimu haujaanza. Kwa wiki nzima nchi iliongelea ugomvi. Msimu ulipofika, watazamaji walikuwa pungufu kuliko mwaka uliotangulia. The Voice nayo ilitegemea majaji wake na haikuzaa nyota yeyote wa kulinganishwa na Clarkson au Underwood, lakini haikuwahi kujifanya vingine: ulikaa kutazama viti vikigeuka na majaji wakitaniana, na mshindi alikuwa sababu ya kufunga msimu. American Idol haikuweza kuishi hivyo kwa sababu jina lake lenyewe ni la mshindi.

Na YouTube? Mwaka 2008 meneja Scooter Braun alimkuta Justin Bieber kwenye video za nyumbani zilizopandishwa na mama yake. Kuanzia hapo lango ambalo shindano lilikuwa linaligawia funguo halikuwa lango pekee. Naamini hili lingeiangusha American Idol siku moja, kura iwe nzuri au mbaya. Kilichonishangaza ni kasi. Kutoka milioni 29 hadi 8 kwa miaka minne si kasi ya teknolojia peke yake, kwani vipindi vingine vya siku zilezile vilishuka taratibu zaidi.

Afrika Mashariki njia ilikuwa nyingine

Msomaji wa huku atakumbuka Tusker Project Fame, iliyoanza Nairobi 2006 kwa ushindi wa Valerie Kimani. Taji likazunguka: Esther Nabaasa wa Uganda, Alpha Rwirangira wa Rwanda, Davis Ntare wa Uganda aliyemwacha Peter Msechu wa Tanzania nafasi ya pili mwaka 2010, Ruth Matete wa Kenya, hadi Hope Irakoze wa Burundi mwaka 2013. Baada ya hapo likapumzishwa. Huku kura ilikuwa ya ujumbe mfupi wa kulipia, na salio lenyewe lilikuwa kikomo: hata shabiki wa kufa na kupona hufika mahali akaiangalia pochi. Kwa hiyo siwezi kuutumia ugonjwa wa Marekani kueleza kifo hiki. Shindano lilikuwa limebeba jina la bia, na linaloishi kwa bajeti ya matangazo ya mdhamini mmoja huondoka bajeti ikihamishiwa kwingine, liwe na watazamaji au lisiwe nao. Na zilipofika 2013 na 2014, Coke Studio Africa, kipindi cha muziki cha televisheni, ilikuwa inarekodiwa Nairobi ikikutanisha wasanii ambao tayari wana majina. Mdhamini hakuhitaji tena kuhangaika na mtu asiyejulikana.

Kurudi

Mei 2015 Fox walitangaza kwamba msimu wa 15 ungekuwa wa mwisho. Fainali ya Aprili 7, 2016, alipotwaa taji Trent Harmon, ilitazamwa na watu milioni 13. Wengine walirudi kuaga tu, kama watu wanavyojitokeza kwenye mazishi ya jirani waliyeacha kumtembelea. Seacrest aliaga kwa maneno "kwa sasa" mwishoni, na hakukosea: Machi 2018 kituo cha ABC kililirudisha, likianza na watazamaji kama milioni 10, kisha likashuka chini zaidi.

Kura ikarekebishwa. Ikawekwa kikomo cha mara 10 kwa kila mshiriki kwa kila njia ya kupigia, na nchi nzima ikapiga kwa wakati mmoja, matokeo yakitoka ndani ya kipindi kilekile. Kama ningekuwa naandika kanuni hizo mwaka 2005, ningeandika hivyohivyo. Mwaka 2025 Carrie Underwood alirudi, safari hii akikaa kwenye kiti cha jaji.

Kati ya waliopita kwenye usaili wa ABC yumo Benson Boone, kijana wa jimbo la Washington aliyezaliwa Juni 2002, mwezi uleule shindano lilipoanza. Mwaka 2021 jaji Katy Perry alimwambia mbele ya kamera kwamba anamwona akiwa mshindi. Boone aliingia 24 bora, kisha akajitoa kwa hiari yake. Baadaye alieleza kwamba hakutaka ajulikane kama mtu wa American Idol. Akaendelea kupandisha video zake TikTok, akasaini mkataba mwaka huohuo, na mwaka 2024 wimbo wake ukafika nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard, ileile ambayo Kelly Clarkson aliipanda kutoka 52 hadi 1.